Naomba ushauri: wiski ya moshi wa mesquite nionjeje?

Wadau, hamjambo. Naishi Tucson, Arizona, na nimenunua chupa ya Whiskey Del Bac Dorado, inayotengenezwa papa hapa mjini. Ni ya kimea cha shayiri kitupu, kilevi asilimia 45, ila kimea chake hakifukizwi kwa udongo wa kinamasi kama baadhi ya wiski za Scotland. Hufukizwa kwa kuni za mesquite. Mti huo ni ndugu wa mathenge wetu wa Baringo, Kenya! Nilipofungua kizibo, pua ilinirudisha Marigat, kulekule Baringo, moja kwa moja: makaa ya mathenge, jioni, mafuta ya mbuzi yakidondokea moto.

Shida iko mdomoni. Funda la kwanza, moshi unafunika kila kitu. Jana nilitia kijiko kimoja cha chai cha maji, nikaiacha dakika 10; ukatokea utamu kama wa sukari iliyoungua, kisha ladha ikapwaya.

Je, nitie matone tu? Glasi yenye mdomo mwembamba itasaidia, au itazidisha moshi? Kaka yangu anakuja Jumamosi, amezoea za Scotland, na natamani sana aipende hii.