Mjadala: Wafransisko ni "ombaomba" kweli?

Wakuu, salamu. Juzi kwenye jumuiya yetu katekista alitufundisha kwamba Wafransisko na Wadominiko, watawa wa Kanisa Katoliki, ni "mashirika ya ombaomba". Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele pembeni akainua uso: "Kama wale wa Ijumaa?" Tukacheka, katekista akababaika. Wale wa Ijumaa mnawajua: wanapita duka kwa duka, mwenye duka keshapanga sarafu za mia mia juu ya kaunta, kila mmoja anaokota yake na kusogea.

Mimi nasema neno hilo halifai. Kilatini kilisema mendicans, sisi tukatafsiri kwa neno la dharau. Kwa nini tusiseme "watawa wa sadaka"?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Nani kakwambia Kilatini kina adabu kuliko sisi? Mendicus, ombaomba, linatokana na mendum au menda: dosari, kasoro, hata ya mwilini. Ukoo huohuo ndio uliozaa emendare, yaani kuondoa dosari, kusahihisha. Kwa hiyo neno la Mrumi lilianza na kilema cha mtu, mkono ulionyooshwa ukafuata. Letu linaanza na tendo. Tunamwomba Mungu, tunaomba kazi, tunaomba maji ya kunywa, kitenzi ni hichohicho. Kukirudia kunaonyesha mazoea tu. Sasa lipi linadharau?

Tena dharau yenyewe Fransisko wa Assisi, mwanzilishi wa Wafransisko, aliitaka. Mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, halafu katika kanuni ya shirika lake ya 1223 anawaambia ndugu zake waende kuomba sadaka bila kuona haya. Ukimsafishia jina unamharibia kazi.

Mchangiaji wa pili:
Tusimtakase kila mtu. Swali la mama mchele liliulizwa Paris mwaka 1256 na mwalimu wa chuo kikuu, Guillaume de Saint-Amour: mtu mwenye nguvu zake, awezaye kufanya kazi, anaomba kwa haki gani? Aliwarushia maneno ya Paulo, asiyetaka kufanya kazi asile. Papa Alexander IV akakilaani kitabu chake mwaka huohuo, Thomas Aquinas wa Wadominiko na Bonaventura wa Wafransisko nao wakajibu kwa maandishi marefu. Mie bado naona Guillaume alikuwa na hoja. (Alikuwa na wivu wa nafasi za kufundisha walizopata watawa hao chuoni pia, hilo sikatai.)

Mwanzisha mada:
Nimewasoma. Hilo la mendum sikulijua, "watawa wa sadaka" naifuta. Ila mchangiaji wa pili, soma wasia wa Fransisko wa 1226. Anasema alifanya kazi kwa mikono yake na anataka ndugu wote wafanye. Wasipolipwa ujira ndipo waende mlango kwa mlango, kwenye "meza ya Bwana". Kuomba kulikuja baada ya jembe. Na jina alilowapa mwenyewe ni Ndugu Wadogo, fratres minores.

Mama nitamjibu Jumamosi hivi: karibu sawa na wale wa Ijumaa, isipokuwa kanuni iliwakataza kupokea pesa. Mkate wangechukua. Kwenye kaunta ile wangepita, sarafu wakaziacha palepale zilipopangwa.