Mrejesho: cheni iliyokuwa inakula plastiki

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini ile plastiki inayozuia cheni isisage chuma kinachoshika tairi la nyuma inaisha ndani ya miezi mitatu. Pikipiki inapiga boda Goba na Madale, vumbi na mchanga kila siku.

Aliyesema niifungue niangalie mfereji unaochimbwa na cheni, asante sana. Nilikuta imechimbwa upande mmoja tu, ule mwingine mzima kama wa dukani. Kumbe tairi limekaa upande: zile alama za kukazia cheni, kulia ya tatu, kushoto ya nne. Fundi alikuwa anakadiria kwa jicho.

Halafu cheni yenyewe ilikazwa kama waya wa gitaa, nami najisifu haipigi kelele. Ukipakia abiria (na mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, tusidanganyane) shoku zinashuka, cheni inazidi kukaza. Sasa naacha icheze kama sentimita 3 katikati, na napima pale inapokaza zaidi, maana cheni iliyotumika haikazi sawa mzunguko mzima.

Kupaka cheni oili chafu nimeacha. Inanasa mchanga, inageuka msasa. Nasafisha kwa mafuta ya taa na brashi, nafuta, naweka oili ya gia kidogo.

Plastiki mpya ina wiki ya tano, mfereji bado hauonekani. Ila spoketi ya mbele ina meno ya papa, yamelika hadi yamechongoka. Jumamosi naenda Kariakoo kuchukua seti nzima, cheni na spoketi zote mbili.