Hilux ya 1985: tairi za inchi 33, difu iwe uwiano gani?

Wakuu, difu (gia za ekseli) ni 4.10, yaani propela shafti inazunguka mara 4.10 tairi likizunguka mara moja; tairi zilikuwa inchi 29, sasa nimefunga 33. Gia ya tano haivuti, mlimani ni ya pili tu. Nichague 4.56 au 4.88? Na za mtumba zinafaa?

Jibu: Mkuu, piga hesabu: 4.10 × 33 ÷ 29 = 4.67. Hapo unarudi ulipokuwa mwanzo. Barabara ndefu, 4.56. Ukibeba mzigo au injini ni dizeli isiyo na tabo (turbo, inayosukuma hewa kwenye injini), 4.88 bila kusita. Badilisha mbele na nyuma pamoja. Uwiano ukitofautiana, ukiingiza fobaifo (4x4) kwenye lami gia zinabanana hadi kitu kivunjike.

Jibu: Mtumba unafaa, ila usiamini maneno ya muuzaji. Hesabu meno: kraunwili (gia kubwa ya difu) 41 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) 9 ni 4.56, 39 kwa 8 ni 4.88. Angalia pia namba zilizochongwa kwenye kraunwili na pinioni, zifanane. Zikitofautiana achana nazo, zitavuma tu. Mimi ningenunua kichwa cha difu kizima, gia zikiwa zimeshafungwa ndani, unaepuka kupanga shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi ya gia).

Jibu: Akinunua meno matupu (kraunwili na pinioni bila kichwa), beringi na oili sili ziwe mpya. Mwanya wa meno 0.13 hadi 0.18 mm, kisha paka meno rangi, zungusha uone alama yanapogusana: ikae katikati ya jino. Oili ya difu ya daraja la GL-5, imwage uweke mpya baada ya kilomita 800.

Muuliza swali: Dizeli haina tabo. Basi 4.88.