Kikundi chetu cha ndege Watamu: matembezi ya shule, mikoko au kuhesabu ndege?

Kitwitwi
Wanakikundi, habari zenu. Kusi imeanza kulegea na ndege wahamiaji wameshaanza kushuka kwenye hori la Mida, kwa hiyo tuamue mapema. Pesa na watu wa kujitolea hawatoshi kwa kila kitu. Yako mapendekezo matatu: kuwatembeza wanafunzi msitu wa Arabuko-Sokoke, kupanda mikoko, na kuhesabu ndege wa ufukweni kila mwezi. Mimi naegemea kuhesabu. Hesabu ya kitaifa ya ndege wa majini ni ya Januari, na Januari peke yake haitatuambia nani amechelewa kufika wala nani ameondoka mapema. Toeni maoni, na sababu zake.

MwalimuGede
Shule kwanza. Bundi akilia juu ya paa bado anapigwa mawe, eti ameleta msiba. Na huyu bundi mdogo wa Sokoke, anayekaribia kuenea kiganjani, duniani yuko sehemu chache tu, ukiwemo msitu huu na Usambara Mashariki! Mtoto wa hapa asipomjua, nani atamtetea? Mpe mtoto darubini amwangalie ndege chozi kwenye ua la mgomba, aone koo linavyometameta. Hata mwenye manati mfukoni hutulia.

MamaMikoko
Mimi nasema mikoko. Kitalu chetu akina mama kina miche tayari, na kazi ya kupanda inaonekana kwa macho. Wafadhili nao huielewa upesi.

Bamvua
Dada yangu, kitalu nakiunga mkono, ila swali langu ni moja: tunapanda wapi? Mara nyingi watu huchomeka miche kwenye tope wazi kwa sababu ni rahisi kufika na picha inatoka vizuri. Lile tope si ardhi tupu. Maji yakipwa, ndiyo meza ya vitwitwi waliotoka Siberia, na ya yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayekimbia hatua chache, anasimama, kisha anadaka kaa. Huyo huzaliana kwenye mashimo ya mchanga huko pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, halafu huja kula kwetu. Tukijaza tope mikoko, tumemnyima chakula. Tena miche mingi hufa, maana mahali hapo maji hukaa juu yake muda mrefu mno. Kila aina ya mkoko inajua pake: mlilana mbele kabisa baharini, ile aina iitwayo mkoko hasa nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi, na mchu huvumilia hata kule kwenye chumvi kali. Tupande penye visiki, palipokatwa, na aina ileile iliyokuwepo. Kwingine tuache.

MamaMikoko
Nimekuelewa, kaka. Kule nyuma pana mapengo ya mikandaa iliyokatwa kwa boriti. Miche yetu mingi ni ya mkoko hasa, kwa hiyo itabidi tuokote mbegu za mkandaa zikianguka. Basi kupanda kusubiri.

Sange
Na mitego ya nyaya msituni? Mbona haimo?

Kitwitwi
Hiyo si kazi ya kuingia wenyewe, Sange. Lazima twende na askari wa KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori, na wa Huduma ya Misitu. Nitawaandikia barua, lakini tusiifanye ndiyo mpango wa msimu.

MwalimuGede
Kuhesabu kunanipa shida moja. Watoto wadogo hawawezi kuhesabu kundi linaloruka. Wa sekondari labda.

Bamvua
Wakubwa waandike, sisi tuhesabu. Maji yakipwa ndege hutawanyika mbali sana, hesabu inakuwa ya kubahatisha. Wakati wake ni maji yakijaa, wanaposukumwa pamoja. Maji makuu ya bamvua hapa kwetu hujaa alfajiri na tena mnamo saa kumi jioni, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Jumamosi iliyo karibu na siku hizo, wanafunzi wako huru.

Kitwitwi
Basi tuanze hivyo: hesabu kila mwezi, wanafunzi wa sekondari waandishi. Mwalimu, matembezi ya wadogo yabaki kwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, Siku ya Ndege Wahamiaji Duniani. Mama, nionyeshe yale mapengo kabla hatujaokota mbegu. Mwenye darubini nzima aandike hapa chini, maana za kikundi hazitoshi. Tukutane saa tisa, maji yakiwa bado yanapanda.