Mjadala: Hukumu ya Brown iliwapa Weusi wa Marekani shule, au iliwanyang'anya?

Mzee wa Chaki: Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi kunakiuka katiba. Hukumu hiyo ya kesi ya Brown tunaisifu mno, ilhali ilipotekelezwa huko Kusini, shule zilizofungwa kwa wingi zilikuwa za Weusi, na maelfu ya walimu wao wakaachishwa kazi, kwa kuwa bodi nyingi hazikutaka mtoto wa Kizungu afundishwe na Mweusi. Zora Neale Hurston, mwandishi Mweusi, aliipinga hadharani mwaka 1955. Na wale wazazi Weusi wa Little Rock, jimbo la Arkansas, waliopeleka watoto wao shule ya Wazungu mwaka 1957, kusema kweli, waliwatanguliza watoto vitani, wao wakabaki nyumbani.

Mama Wawili: Ya walimu nawaachia wengine, hilo la wazazi halinipiti kooni. Elizabeth Eckford, mmoja wa watoto hao wa Little Rock, alikuwa na miaka 15. Ilikuwa imepangwa wanafunzi wakutane kwanza, waende pamoja, lakini kwao hapakuwa na simu, kwa hiyo habari haikumfikia. Asubuhi ya tarehe 4 Septemba 1957 alifika shuleni peke yake, amevaa gauni alilojishonea. Askari wa Faubus, gavana wa Arkansas, wakamzuia, na umati ukamwandama kwa matusi hadi kwenye benchi la kituo cha basi. Ni mzazi gani aliyepanga hayo?

Mzee wa Chaki: Sikusema walipanga, mama. Nimesema hatari ilionekana, ndiyo maana hata Kennedy alilazimika kupeleka jeshi.

Mpita Njia: Shikamoo mzee. Mwaka 1957 Kennedy alikuwa seneta. Aliyepeleka wanajeshi wa Divisheni ya 101 ni Rais Eisenhower. Enzi zako mwanafunzi angekula viboko kwa kosa hilo.

Mzee wa Chaki: Marahaba. Jina la rais nimekosea, nakiri, na viboko nilistaafu navyo. Lakini mbona hakuna anayegusa habari ya walimu?

Mama Wawili: Bado sijamaliza ya watoto. Mwaka 1951, huko Farmville, Virginia, Barbara Johns mwenye miaka 16 aliongoza mgomo katika shule ya Moton, ambako baadhi ya madarasa yalikuwa mabanda yaliyofunikwa karatasi ya lami, na kesi iliyotokana na mgomo huo ikaunganishwa na ile ya Brown. Huyo alitangulizwa na nani? Isitoshe, wakuu wa wilaya hiyo ya Prince Edward walizifunga shule zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964, na watoto wa Kizungu wakafunguliwa shule ya binafsi. Aliyetia kufuli mlangoni si jaji.

Mzee wa Chaki: Jaji naye, mwaka 1955, hakuweka tarehe ya mwisho ya utekelezaji, akawapa hao wenye kufuli muda wa kutosha. Hapo ndipo walimu walipoponzwa.

Mama Wawili: Lifute kwanza lile neno lako kuhusu wazazi, ndipo tuje kwa walimu.