Roxanne Shanté: ile stori ya kusomeshwa PhD na kampuni ya muziki ni kweli?

BabaZai_Tabata
Wakuu habari za leo. Kwenye grupu letu la WhatsApp mtu katuma tena ile stori ya Roxanne Shanté, kwamba alisaini mkataba akiwa bado mtoto, ndani kukawa na kipengele kwamba kampuni itamlipia ada maisha yake yote, basi akawakomalia mpaka wakamsomesha akachukua PhD pale chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Binti yangu ana miaka 14, madaftari yake ya shule nusu ni mistari ya rap, nilitaka nimsomee apate moyo. Ila kabla sijamsomea, ni kweli au ya kutunga? Na huyu dada alikua nani hasa, maana mimi kwa marapa wa kike nimeanzia kwa Queen Latifah.

SanturiZaZamani
Mkuu hiyo usimsomee. Ilitoka gazeti la Daily News la New York mwaka 2009 ikasambaa kila kona, baadae jarida la Slate likafuatilia, Cornell wakasema hawana rekodi yake, chuo kingine alichowahi kuingia alikaa muda mfupi tu, na gazeti lenyewe likaja kurekebisha habari. Mimi mwenyewe nilishaituma kwa watu wengi, iliniuma sana.

Ila ya kweli msomee, tena ndo inamfaa zaidi. Mwaka 1984 kundi la rap la UTFO lilikua na wimbo wa vijana watatu wanaomtaka binti anaitwa Roxanne, binti hawataki, wanabaki kumsema. Sasa huko Queensbridge, nyumba za serikali pale Queens, kulikua na binti wa miaka 14, Lolita Shanté Gooden, anajulikana mtaani kwa kuchana papo kwa papo. Anasimulia mwenyewe kwamba alikua anaenda kufua nguo, Marley Marl, mtengenezaji wa muziki wa hapo mtaani, akamwita amfanyie wimbo, akapanda kwenye nyumba ya jamaa, akajifanya yeye ndo Roxanne, akawashukia wale watatu mmoja baada ya mwingine, bila kuandika hata mstari, akarekodi mara moja akaendelea na nguo zake. Hiyo ndo "Roxanne's Revenge". Baada ya hapo zikatoka nyimbo za kujibizana nyingi mpaka wakaziita vita vya Roxanne.

Mjukuu_wa_Bibi_Pangani
Waliokua Dar miaka ya 90 hii wanaielewa vizuri, ni mipasho hiyo hiyo ya vikundi vya taarab, Khadija Kopa na TOT upande huu, Nasma Khamis na Muungano upande ule, huyu akitoa lake wiki inayofuata watu wanajaa kusikiliza jibu. Tofauti ni kwamba kwetu mwanamke kumjibu mtu kwa wimbo ndo kazi yenyewe ya taarab, kule Shanté aliingia uwanja uliojaa wanaume akiwa mtoto wa shule.

Na walimuonea jamani. Mwaka 1985 kwenye mashindano ya kuchana ya New Music Seminar akapambana mpaka fainali na rapa Busy Bee, akashindwa kwa maksi, na amesimulia kwamba rapa Kurtis Blow aliekua jaji alimpa maksi za chini kwa sababu hawakutaka bingwa awe msichana wa miaka 15. Mimi hii kila nikiisoma nakasirika upya.

BabaZai_Tabata
Duh. Asanteni sana ndugu zangu. Alipata chochote lakini?

SanturiZaZamani
Alitoa albamu ya kwanza 1989, "Bad Sister", miaka mitano baada ya ule wimbo! MC Lyte, rapa mwenzake wa kike, alishatoa ya kwake 1988. Akawa mama akiwa bado mdogo, miaka ya 90 akapungua kwenye muziki. Kuhusu maisha yake kuna filamu, 2017. Na mwaka 2025 Grammy wakampa tuzo ya heshima ya maisha, rapa wa kike wa kwanza anaechana peke yake bila kundi kuipata. Hesabu mkuu, kutoka 1984 ni miaka 40 hivi. Binti muanzishie na "Have a Nice Day" ya 1987, mistari aliandikiwa na rapa Big Daddy Kane lakini sikiliza anavyoitamka kila neno linakaa.

BabaZai_Tabata
Nimemsimulia jana usiku, hiyo ya PhD nimeiacha. Ameuliza kama kweli hakuandika hata mstari mmoja, nikamwambia ndivyo anavyosimulia mwenyewe, akafunga daftari akaniambia baba nipigie mdundo kwenye meza.