Stata "mpya" ya mashine ya boti Yamaha 40 imetuzimikia usiku katikati ya Ziwa Albert, muuzaji anasema vya umeme havirudi

Wakuu, naandika na hasira na sitaki kuificha.

Mimi ni mvuvi wa muziri, wale samaki wadogo wa kuvuliwa usiku kwa taa, hapa Butiaba, upande wa Uganda. Mashine yangu ni Yamaha 40 ya zamani, ile ya kuchanganya petroli na oili, niliichukua mkononi mwa mtu mwaka 2013. Mwezi uliopita ikaanza ugonjwa. Asubuhi unavuta kamba mara moja inakubali, ukienda nusu saa inaanza kukohoa, inabaki na silinda moja, halafu kimya. Ukiiacha ipoe inawaka tena kama haikuwa na neno.

Fundi wetu ni mzee wa hapahapa, hakukimbilia kunibadilishia plagi. Alifunga pula (kifaa cha kung'olea), akaing'oa flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, bila nyundo (anayegonga anapasua sumaku za ndani, msimruhusu), akaniita nitazame. Koili inayolisha CDI, kile kiboksi kinachopeleka cheche kwenye plagi, ilikuwa imeungua. Vanishi yake imekuwa kahawia kama karanga zilizosahauliwa kwenye kikaango, na pembeni kulikuwa na oili iliyopanda kutoka kwenye sili ya juu ya kranki. Akapima, mshale wa testa haukusogea kabisa. Sili akaibadilisha siku ileile. CDI akasema ni nzima, tafuta stata, yaani kile kipande chenye koili kinachokaa chini ya flaiwili.

Nikapiga simu duka moja Kampala. Nikauliza mara mbili: ni mpya? Ni ya kampuni? Akanijibu, "Mzee wangu, hii ni og, nimeitoa kwenye boksi sasa hivi." Og maana yake orijino, ya kampuni. Shilingi 420,000, pamoja na nauli ya kuituma kwa basi. Hiyo ni hela ya wiki kadhaa za muziri, na wiki zenyewe ni zile za giza, maana mwezi ukiwaka samaki hawafuati taa. Nikalipa kwa simu. Mzigo ukafika umefungwa kwenye gazeti. Boksi sikuliona, na hapo ndipo nilipotakiwa kuurudisha. Sikuurudisha kwa sababu giza lilikuwa limeshaanza na vijana wangu walikuwa wamekaa bure.

Ikafungwa, ikafanya kazi usiku mbili vizuri. Usiku wa tatu tukiwa mbali, taa za Butiaba zimeshakuwa nukta, mashine ikakohoa ileile kohoa yake. Ikafa. Tulikuwa watu wanne na makasia mawili. Usiku upepo wa huku unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo ulikuwa unatusukuma upande wa Congo, na mtu asiye na mashine akifika kule hajui atapokelewa na nani. Mpwa wangu ana miaka 17, alipiga kasia mpaka viganja vikatoka malengelenge, akawa analia kimyakimya akidhani simsikii. Nilimsikia. Alfajiri boti ya wenzetu ikatuona ikatuvuta. Wasingepita je?

Sasa sikilizeni hili. Fundi alipoitoa ile stata, nilichukua kitambaa chenye petroli nikaifuta. Rangi nyeusi ikatoka yote kama masizi. Chini yake plastiki kuukuu, imebabuka kwa moto wa zamani, na waya umesukwa upya kwa mkono, mwembamba kuliko ule wa kiwandani, miisho imeungwa kwa risasi na kufungwa selotepu. Stata imekufa, imesukwa, imepuliziwa rangi, nikauziwa kwa bei ya mpya.

Mimi sina ugomvi na kusuka koili. Fundi wetu mwenyewe husuka, anakwambia hii nimesuka, itakusogeza, usiende nayo mbali, na unamlipa hela ya kusuka. Ukweli ungenigharimu kidogo na ningevua karibu na ufuko. Aliyeninyima ukweli ndiye aliyenipeleka katikati ya ziwa.

Nikampigia. Kwanza, "vitu vya umeme havirudi". Halafu, "fundi wako ameunga vibaya". Nikamtumia picha, akasema waliipima kabla ya kuituma na ilikuwa nzima. Ndiyo, ilipimwa, naamini! Hata sisi tuliipima ikiwa baridi, mshale ukapanda vizuri. Koili ya namna hii ikiwa baridi waya zinagusana, testa inakudanganya. Ikipata joto chini ya flaiwili waya unatanuka, unaachia, umeme unakatika. Ndiyo maana mashine inakufa ikichemka na inafufuka ikipoa. Fundi aliianika juani saa sita mchana kwenye bati, akaipima ikiwa ya moto: hakuna kitu. Akaiweka kivulini mpaka ikapoa: mshale ukarudi. Mtu anayeuza spea hizi kila siku hajui hilo? Anajua. Ndiyo maana anapenda kupima dukani penye kivuli.

Na hayo maneno ya "havirudi" yasiwatishe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 ya hapa Uganda inataka kitu kifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, na mimi nilimweleza ni ya mashine ya boti ya uvuvi. Mahakamani kuna utaratibu wa madai madogo, yale yasiyozidi shilingi milioni 10, unaingia mwenyewe bila wakili. Madai yangu hayafiki hata nusu milioni.

Wenye uzoefu wa huo utaratibu naomba mniambie mlibeba nini siku ya kwanza. Mimi nina ujumbe wa malipo, sauti yake akisema "og", na risiti iliyoandikwa kwa kalamu "spea" basi, bila kusema spea ya nini. Fundi amekubali kuja kushuhudia, amesema atabeba testa yake. Jumatatu tunapanda basi na stata zote mbili, ile iliyoungua ya kwanza na hii iliyopakwa rangi, na kile kitambaa sijakifua.